Megabaiti Kumi na Tisa

Saa sita na robo usiku. Ghala la mahindi limefungwa,
upepo wa Menengai unagonga bati kama mdai,
na mimi, mlinzi wa lango la pili,
natafuta tenisi.

Ya kuchezwa kwa kidole gumba,
ndani ya simu hii yenye ufa pembe hadi pembe.
Nafasi ni finyu: picha za watoto sizifuti,
ujumbe wa mwenye nyumba siufuti, ni ushahidi.
Bando la shilingi ishirini linakufa alfajiri.

Ya kwanza ilikuja na mbwembwe,
viatu vya dhahabu, raketi ya dhahabu,
na kila baada ya pointi mbili tangazo la mkopo
likiniita rafiki.
Marafiki wa namna hiyo ninao. Nikaifuta.

Ya pili, mpira ulipenya wavu kama moshi
na mwamuzi akahesabu. Nikaifuta.

Ya tatu ilijicheza yenyewe.
Niliiacha juu ya kreti, nikazunguka ua na kurunzi,
niliporudi nilikuwa bingwa.
Lumbasi wa lango la kwanza alicheka hadi kofia ikamwanguka:
"Si ndiyo kazi uliyomwomba Mungu?
Kulipwa na hupo!"

Ya nne ilikuwa nzuri, nakiri.
Nyasi zinalala mpira ukipita,
kivuli cha mchezaji kinamfuata kwa adabu.
Nikaupiga ukatoka nje. Ukayeyuka.
Nikapiga mwingine nje, kusudi.
Ukayeyuka nao.
Nikatazama chini ya wavu, pembeni,
nyuma ya kiti kirefu cha mwamuzi.
Hapakuwa na mtu.

Lumbasi haelewi kwa nini niliifuta hiyo.
Sijamwambia kwamba mwaka wa tisini na nne,
darasa la sita, mtoto wa Bondeni,
Jumamosi nilipanda hadi klabu ya juu ya reli
nikachuchumaa kando ya wavu, goti moja chini,
vumbi jeupe hadi kwenye kope,
shilingi tano kwa seti.
Bwana Virdi hakulijua jina langu.
Aliita, "Mpira!"
nami niliitika.
Hesabu yao niliijua yote: kumi na tano, thelathini, arubaini,
na sifuri wakaiita lavu.
Wenzangu walikuja kujifunza hilo ukubwani.

Raketi niliishika mara moja,
kumbebea mtu hadi garini.
Nilitembea polepole sana.

Saa tisa kasorobo, chini kabisa ya orodha,
gemu ya megabaiti kumi na tisa,
nyota mbili na nusu.
Mtu ameandika: mbovu, inaganda.
Kweli inaganda. Wachezaji wana vichwa vya mraba,
mpira ni kidoti cha manjano,
watazamaji ni mistari tu, kama kitambaa cha mkeka.
Nikapiga. Ukagonga wavu.

Na pale kando, kitu kama punje nne za mahindi zilizoshikana
kikainuka, kikakimbia kimejikunja,
kikaokota, kikarudi mahali pake.
Goti moja chini.

Nikaupiga kwenye wavu tena. Akakimbia.
Tena. Akakimbia.
Mara ya nne kidole kilikataa.

Sasa Lumbasi amesimama nyuma yangu na chai ya chupa,
anauliza mbona siupigi kwa nguvu,
mbona naurudisha tu, taratibu, katikati ya kiwanja,
seti haiishi, bando linaisha.
Namwambia nafanya mazoezi.

Ananimiminia kikombe.
Mpira unakwenda, unarudi. Unaganda kidogo, unarudi.
Kando ya wavu, punje nne
hazijasogea tangu saa kumi.